Mafuta Yatasimamaje? Tanki la Plastiki na Pampu ya Umeme Katika Magari Yetu ya Zamani

Hotuba hii niliitoa mbele ya wenye magari ya zamani na mafundi wa gereji hapa Mombasa. Walioshindwa kufika wameniomba niiandike yote. Hii hapa, ila picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Assalaam aleikum. Shikamooni wazee wangu. Mafundi wenzangu, hamjambo? Na nyinyi vijana mliosimama mlangoni, sogeeni ndani, kwa sababu kazi ninayokuja kuisema leo itafanywa na mikono yenu.

Nimepita hapo nje nikayatazama magari moja moja. Nimeona Peugeot 404, Morris Minor, Datsun 1200, Land Rover za zamani. Na kabla sijakaa, wengi mmeshaniuliza: "Fundi, ning'oe tanki la chuma niweke lile la plastiki la magari ya mbio? Nifunge na pampu ya umeme? Mafuta yatafika kwenye kabureta?"

Yatafika. Mafuta kufika kwenye kabureta, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, si tatizo. Swali ninalotaka mlibebe mkitoka hapa ni jingine: mafuta yatasimamaje? Pampu ya zamani kwenye mengi ya magari haya imefungwa ubavuni mwa injini na inaendeshwa na injini yenyewe. Injini ikizima, nayo imezima. Hakuna aliyehitaji kuifundisha. Pampu ya umeme haiijui injini. Inajua waya tu. Ukiipa umeme itasukuma, gari liwe linakwenda, limesimama, au limepinduka mtaroni.

Lakini tuanze na sababu ya kuligusa tanki la chuma, maana si kila gari linahitaji kazi hii.

Sisi tunaishi kisiwani. Hewa yetu ina chumvi na unyevu mwaka mzima. Gari la zamani halitembei kila siku. Linakaa chini ya turubai, tanki likiwa nusu. Ile nusu ya juu imejaa hewa. Usiku bati linapoa, unyevu unashika ukutani, matone yanateremka. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yanalala chini kabisa, kwenye mshono wa bati, pale pale bomba linaponyonya. Tanki likaanza kuoza kutoka ndani, na nje rangi bado inang'aa.

Kuna mzee mmoja wa Kisauni, ana 404 aliyorithi kwa babake. Mjini gari lilikwenda vizuri. Makupa vizuri, Changamwe vizuri. Likianza kupanda Mazeras, linakohoa na kuzima. Akikaa kando kidogo, linawaka kama halikuwa na neno. Aliambiwa ni kabureta, akasafisha. Akaambiwa ni koili, ile inayotoa umeme wa cheche, akanunua. Akaambiwa ni plagi. Lakini hebu jiulizeni: kwa nini liwake lenyewe baada ya kupumzika? Kwa sababu kwenye mlima injini inadai mafuta mengi, mvuto unakuwa mkubwa, na magamba ya kutu yanavutwa hadi mdomoni mwa bomba na kuuziba. Injini ikizima, mvuto unakwisha, magamba yanaanguka chini, njia inafunguka. Tulipolimimina tanki lile kwenye beseni jeupe, mzee alitazama maji mekundu na vipande vya kutu, akanyamaza. Pesa zote zile zilikwenda kwenye boneti, na ugonjwa ulikuwa nyuma.

Tanki kama lile linafaa kubadilishwa. Lakini tanki lako likiwa zima, nakusihi liache. Na hata ukiling'oa, usilitupe. Lisafishe, lipake oili, liweke nyumbani. Siku moja mwanao atalitaka. Msikate bati la gari la miaka ya 60 kwa sababu ya fasheni.

Sasa mafundi, nisikilizeni vizuri kwenye hili la kung'oa. Tanki tupu ni hatari kuliko tanki lililojaa. Narudia: tanki tupu ni hatari kuliko tanki lililojaa. Mvuke wa petroli hulipuka ukichanganyika na hewa kwa kiasi cha kama asilimia 1.4 hadi 7.6. Tanki lenye mafuta, huko ndani mvuke ni mzito mno, hewa haitoshi. Ukilimimina ukaliacha wazi, hewa inaingia, mvuke unapungua, unapungua, mpaka unafika kwenye kipimo chenyewe cha kulipuka. Ndipo mtu anakuja na welding. Nimemwona kijana, fundi hodari wa kuunga bati, aliyeletewa tanki "lililokauka tangu wiki iliyopita." Aliligusa na moto mara moja tu. Leo haoni kwa jicho moja. Petroli hutoa mvuke hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Joto la Mombasa litaikausha vipi ndani ya bati lenye kutu inayonyonya kama sponji? Na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, unalala chini. Kwa hiyo msimimine petroli juu ya shimo la gereji, hata kama ndiyo njia rahisi. Toeni gari nje, kwenye upepo, betri imeshafunguliwa, kizimamoto kiko karibu.

Haya. Tanki lenyewe hili la plastiki lilitoka wapi?

Lilitoka kwenye moto. Mwaka 1964 kule Marekani, mwezi mmoja wa Mei, palitokea ajali mbili zilizobadilisha mashindano ya magari. Tarehe 24, huko Charlotte, dereva Fireball Roberts aliungua vibaya baada ya kugongana. Alifariki mwezi Julai. Tarehe 30, huko Indianapolis, Eddie Sachs na Dave MacDonald walifariki kwenye moto katika mzunguko wa pili tu wa mashindano. Matanki yalipasuka, mafuta yakamwagika, moto ukamaliza. Baada ya hapo wahandisi walichukua maarifa ya matanki ya mpira ya ndege za kivita wakayaleta kwenye magari. Kibofu cha mpira mgumu kinachobonyea bila kupasuka, sponji ndani inayozuia mafuta yasiyumbe na moto usienee, na ganda la nje.

Je, lile mnaloliona madukani ndilo hilo? Hapa ndipo watu wanapodanganyika. Matanki mengi ya bei nafuu ni sanduku la plastiki ngumu na sponji ndani, bila kibofu. Si baya. Halishiki kutu, na likigongwa hubonyea pale ambapo bati lingechanika. Kwa gari la kutembelea linatosha likifungwa vizuri. Lakini mwenye kutaka kushindana, kwa mfano kwenye mashindano ya magari ya zamani ya East African Safari Classic, asome kanuni kabla ya kununua. Tanki la daraja la FT3 la FIA, shirikisho la kimataifa la magari, lina kibofu na lina tarehe. Maisha yake ni miaka 5 tangu kutengenezwa, na huweza kukaguliwa na kuongezewa miaka 2. Hata lile la kawaida, sponji yake huchoka. Ikichoka inamong'onyoka, na vipande vyake vitaziba filta yako kama kutu ilivyoziba. Fungueni mfuniko kila mwaka mtie mkono. Ikibaki kwenye vidole, itoeni.

Na linawekwa wapi? Kuna gari la Marekani liitwalo Ford Pinto. Tanki lake lilikuwa nyuma ya ekseli, karibu na bampa, na likigongwa kutoka nyuma lilikuwa rahisi kusukumwa kwenye bolti za difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, likatoboka. Mwaka 1978 kampuni iliita magari kama milioni 1.5 yarudi kurekebishwa. Ninalitaja kwa sababu nimeona buti zetu. Mtu analisukuma tanki hadi mwisho kabisa nyuma ili abaki na nafasi ya mizigo. Jamani! Lisogezeni mbele, kati ya mihimili miwili ya chesisi kama nafasi ipo. Lishikwe na fremu ya chuma na mikanda ya chuma, bolti zipite kwenye sahani pana chini ya sakafu, si kwenye bati jembamba la buti ambalo chumvi imeshalila. Na kati ya buti na kiti cha nyuma pawe na ukuta wa chuma uliozibwa kila tundu. Kwenye magari yetu mengi pale nyuma pana kadibodi na kitambaa tu. Wanaokaa kiti cha nyuma ni watoto. Mimi gari lisilo na ukuta huo silifungi tanki ndani ya buti, hata mwenyewe akikasirika. Ekzosi nayo ipite mbali, na pakiwa finyu, wekeni bati la kukinga joto.

Tuje kwenye pampu. Wapo wanaosema pampu ya umeme ni kulinajisi gari la zamani. Wenye Morris Minor mnaweza kucheka, maana gari lenu lilitoka kiwandani na pampu ya umeme ya kampuni ya SU. Ule mlio wa tik-tik-tik ukiwasha funguo, ndiyo yenyewe. Kwa hiyo umeme si ugeni. Ugeni ni shinikizo.

Kabureta nyingi za magari haya zinataka kati ya psi 2 na 4, psi ikiwa kipimo cha shinikizo. Kabureta za SU zinaridhika na chini ya 3. Pampu ya gari la sindano, yaani lisilo na kabureta, linalopuliziwa mafuta kwa shinikizo, hizi Probox na Vitz tunazozijua, inasukuma 40 na zaidi. Kijana mmoja wa Majengo alitoa pampu kwenye gari lililogongwa, akaifunga kwenye Datsun ya mteja. Aliniambia, "Mwalimu, nimempa yenye nguvu." Nguvu ya nini? Ndani ya kabureta kuna nido, yaani sindano ndogo, inayoinuliwa na floti, boya linaloelea kwenye mafuta, ili kuziba njia. Floti inaweza kushindana na psi 3. Haiwezi kushindana na 40. Petroli ikafurika, ikamwagika juu ya manifoldi, nyingine ikateremka kwenye silinda hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Oili ikawa nyepesi kama maji, na harufu ya petroli ukichomoa dipstiki. Injini iliyoishi miaka 50 iliharibiwa beringi zake kwa safari chache. Nunueni pampu ya kabureta. Kama inazidi kidogo, wekeni regyuleta ya kupunguza shinikizo, na mpime kwa geji. Msikisie.

Wingi nao? Injini ya nguvu farasi 100 ikikanyagwa hadi mwisho inakula kama lita 30 kwa saa. Pampu ndogo ya lita 60 au 80 kwa saa inatosha na kubaki.

Na iwekwe nyuma, karibu na tanki, chini ya usawa wa mafuta. Kwa nini? Pampu hizi zinajua kusukuma, hazijui kuvuta. Petroli huanza kuchemka kidogo kidogo kuanzia nyuzi 35 hivi. Mwezi wa Februari, gari limesimama juani kwenye foleni ya feri ya Likoni, mafuta ndani ya bomba yameshapita hapo. Ukiyavuta kwa mbali, shinikizo linashuka na yanazidi kuchemka. Pampu inabaki kutafuna mvuke. Ukiyasukuma kutoka nyuma, shinikizo linayazuia yasichemke. Ndiyo maana gari lililofungwa vizuri halizimi kwenye foleni. Filta ya matundu makubwa kabla ya pampu, filta laini baada yake. Mpira uwe wa petroli, ulioandikwa SAE J30 ubavuni, si ule wa maji unaouzwa kwa mita. Sehemu ndefu inayopita chini ya gari iwe bomba la chuma au kopa la nikeli, mpira mwisho na mwisho tu.

Sasa tumefika. Mafuta yatasimamaje?

Njia ya Kilifi, gari moja la zamani lilikwepa mbuzi, likatoka barabarani, likalala ubavu. Dereva alitoka salama, alhamdulillahi. Injini ilikuwa imezima. Watu walikusanyika, kila mtu anasema lake, na wengine wanataka kuliinua. Mama mmoja aliyekuwa akiuza maembe pale kando akauliza, "Huo mlio ni wa nini?" Wakanyamaza wakasikiliza. Pampu ilikuwa inasukuma. Mpira wa mbele ulikuwa umechomoka, na petroli ilikuwa inamwagika kwenye nyasi, karibu na ekzosi yenye moto. Funguo ilikuwa bado imewashwa. Dereva akakimbia akaizima. Yule mama aliwaokoa watu kwa masikio yake.

Je, tutamweka mama wa maembe kwenye kila kona ya barabara? Basi kazi yake ifanywe na waya. Mafundi wa umeme, hapa sitaki haraka.

Kwanza, pampu isifungwe moja kwa moja kwenye swichi ya funguo. Tumieni relei, swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Namba 30 inatoka betri kupitia fyuzi, na fyuzi iwe karibu na betri. Namba 87 inakwenda kwenye pampu. Namba 86 inatoka kwenye funguo, 85 inakwenda eathi, yaani kwenye bodi ya gari. Pampu za shinikizo dogo kwa kawaida hula chini ya ampea 5, kwa hiyo msiweke fyuzi ya 30 kwa sababu ndiyo iliyokuwa mfukoni. Na kwenye magari ya Kiingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 60, tazameni betri kabla ya kugusa: mengi yana chanya kwenye bodi, si hasi. Pampu ya elektroniki ukiigeuzia nyaya inakufa papo hapo.

Pili, swichi ya mgongano. Ni kidude kidogo chenye goroli ya chuma iliyoshikwa na sumaku. Gari likigongwa, goroli inaruka, umeme unakatika. Magari mengi ya Ford yalikuwa nayo kiwandani, na hupatikana kwa wauza vyuma vikuukuu. Ifungeni wima, kwenye chuma imara, mahali dereva anapofika kwa mkono ili aibonyeze irudi.

Tatu, kitu kinachojua kama injini inazunguka. Ama swichi ya shinikizo la oili, ama relei inayosikiliza koili. Cheche zikikoma, relei inasubiri kidogo kisha inakata. Hii ya tatu ndiyo watu wanaiacha, wakisema swichi ya mgongano inatosha. Haitoshi. Gari linaweza kuzima bila kugongwa. Uko ndani ya feri, umezima injini, umerudisha funguo usikilize redio. Pampu inasukuma. Nido ya kabureta imechakaa kidogo. Petroli inadondoka juu ya injini ya moto, na umebanwa na magari kila upande, na abiria wa miguu wamekuzunguka. Hapo hakuna mgongano wowote. Kuna petroli tu, na moto, na watu.

Kwa hiyo zote mbili. Mteja akisema bei imepanda, mwambieni punguzeni kwenye rangi, punguzeni kwenye rimu. Hapa hapapunguzwi.

Yaliyobaki nitayapitia upesi. Tanki lazima lipumue, la sivyo pampu itavuta mafuta bila hewa kuingia mpaka tanki libonyee na injini ife njaa. Mpira wa kupumulia upande juu ya tanki kisha uteremke nje ya gari, si ndani ya buti, na uwe na valvu inayojifunga gari likipinduka. Plastiki haipitishi umeme, kwa hiyo mdomo wa chuma wa kujazia na sahani ya juu ya tanki vifungwe waya hadi kwenye chesisi. Bila hivyo umeme tuli unaojikusanya wakati wa kujaza unaweza kutoa cheche pale pale penye mvuke. Geji ya mafuta ilinganishwe na floti mpya. Zipo floti za omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 0 hadi 90, zipo za 240 hadi 33, na hizi za pili huhesabu kinyume: ukizichanganya, geji itakuonyesha tanki limejaa nawe unasukuma gari jangwani Taru. Na mwenye bima aambiwe kwa maandishi kwamba tanki limebadilishwa, kabla ya ajali, si baada yake.

Tukimaliza hapa, 404 ya mzee wa Kisauni iko nje, imefungwa kila kitu nilichosema. Tutaijaribu mbele yenu, na nataka mjifunze mpangilio. Lita 5 tu ndani ya tanki. Bomba la mbele litolewe kwenye kabureta litiwe kwenye kopo la chuma, pampu iendeshwe dakika moja, tupime kilichotoka na shinikizo lake. Kila kiungo kipanguswe kwa karatasi kavu ya shashi. Karatasi ikilowa, kazi inarudiwa. Kisha bomba lirudi, injini iwashwe, na kijana mmoja aigonge ile swichi ya mgongano kwa kiganja. Injini itaendelea kidogo kwa mafuta yaliyomo kwenye kabureta, halafu itazima. Tutairudisha swichi, tutaiwasha tena, na safari hii tutachomoa waya wa koili huku funguo ikiwa imewashwa, tuhesabu pampu inachukua muda gani kunyamaza.

Wenye sigara wabaki humu ndani. Mwenye kizimamoto atangulie, na mafundi wa umeme mje mbele karibu na buti, maswali yenu nitayajibu huko huko.